Fundi Aliyetuuliza Tumesikia Nini

Kwenye kibanda cha Fundi, pale Mfaranyaki, Songea, kulikuwa na neno moja ambalo ukilitamka ulitazamwa kama mtu aliyekanyaga sahani ya chakula. Neno hilo ni "nzuri". Wimbo ukiisha, akakuuliza umesikia nini, nawe ukajibu, "Nzuri sana, Fundi," alikuwa anaweka bisibisi mezani taratibu na kukuambia, "Chai nayo nzuri. Nimekuuliza umesikia nini." Hapo unaanza kujikuna kichwa. Unakumbuka kwamba besi ilichelewa kuingia, au kwamba mwimbaji alivuta pumzi katikati ya jina la Mungu, au kwamba nyuma ya kwaya kuna mtoto aliyekohoa mara mbili. Ukitaja kimojawapo, anaokota bisibisi yake na kuendelea na kazi, na wewe umepona kwa wiki hiyo.

Namwita Fundi kwa sababu sikuwahi kumwita vingine. Kwao wapi na wazee wake akina nani, sijui, na sitajifanya najua. Niliwahi kusikia ana ndugu Namasakata, kule Tunduru, halafu nikasikia hana. Mimi nilimfahamu kuanzia kiunoni kwenda juu, maana sehemu iliyobaki ilikuwa nyuma ya meza siku zote. Sweta la kijivu lisilovuliwa hata jua la Novemba likiwaka, miwani iliyoshikizwa kwa waya mwekundu wa umeme, na masikio makubwa. Hayo masikio tulikuwa tunayatania mbele yake na hakukasirika. Alisema ndiyo vyombo pekee vya kazi ambavyo hakuvinunua.

Naandika haya nikiwa nimepumua. Kwa miaka saba nilikuwa na uongo mmoja niliomwambia mzee huyu, na uongo huo ulininyima kitu ninachokipenda kuliko vyote, kutunga nyimbo. Nilihofu atazikwa kabla sijautubu. Sasa hofu hiyo imekwisha, na nimeona nimsimulie wakati bado yuko hai na anaweza kunibishia.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza redio, sabufa, taa za sola, na baadaye simu, ambazo alizidharau lakini zilimlisha. Pia alitengeneza vyombo vya wanamuziki, na hapo ndipo sisi tulipoingilia. Mwanamuziki wa Songea Jumamosi yuko harusini na Jumapili yuko ibadani au kwenye ngoma, kwa hiyo Jumatatu ndiyo Jumapili yake. Asubuhi ya siku hiyo ndipo tulipokuwa tunampelekea Fundi vilivyoungua na vilivyokatika. Tukisubiri, tulikuwa tunasikilizishana nyimbo. Sijui nani alianza. Nilipofika mimi, mchezo ule ulikuwa tayari una sheria, na sheria zote zilikuwa za Fundi.

Kila mtu alileta wimbo mmoja, ule ambao kweli ameusikiliza wiki hiyo. Wimbo ulipigwa mpaka mwisho bila mtu kufungua mdomo. Ukiisha, Fundi hakumuuliza aliyeuleta. Alimuuliza mwingine yeyote, "Umesikia nini?" Na sheria kubwa kuliko zote ilikuwa hii: usilete wimbo wako mwenyewe.

"Mtu akileta wake hawezi kusikia wa wenzake," alisema. "Anahesabu tu zamu yake itafika lini. Na akishausikilizisha, hataki masikio yetu. Anataka tumpigie makofi. Makofi nendeni mkapigiwe ukumbini."

Sote alituita kwa vyombo vyetu. Kulikuwa na Ngoma, mzee mwembamba mpigaji wa ngoma ya lizombe, ambaye mikono yake haikutulia hata akiwa amekaa. Kulikuwa na Kaswida, ustadhi kutoka Msamala aliyekuwa anafundisha watoto kaswida, mtu mpole mwenye kofia safi. Na mimi nilikuwa Kinanda, mpiga kinanda wa kwaya ya parokia. Wengine walikuja na kuondoka, ila sisi watatu tulikuwa kama misumari ya kibanda kile. Vigoda navyo vilikuwa vitatu. Wa nne alisimama, hata angekuwa nani, maana Fundi alikuwa na roho nyeupe kwa kila kitu isipokuwa viti.

Nilifika kwake mara ya kwanza kwa sababu ya so, kibonyezo kimoja cha kinanda. Sisi tuliojifunzia kinanda kanisani tunapiga kila wimbo kuanzia do ileile, na mashine yenyewe tunaiamuru ipandishe au ishushe sauti. Hiyo ni aibu yetu ya siri. Matokeo yake ni kwamba so ya katikati inapigwa kuliko vibonyezo vingine vyote, na ya kwetu ilikuwa imezama kabisa. Mwalimu wa kwaya alitaka kinanda kipelekwe Dar, lakini Pasaka ilikuwa imebaki siku tisa. Nikakifunga kwenye kitenge, nikapanda nacho bodaboda mpaka kwa Fundi.

Nilianza kumweleza, "Fundi, hii so tangu wiki iliyopita ni kama—"

"Nyamaza," akasema. "Acha yenyewe iseme."

Mkono wake ulibonyeza so mara nane au tisa, sikio likiwa juu yake. Halafu akainama chini ya meza, akatoa ndala kuukuu ya bluu, akakata kipande kidogo kama kucha, akakipachika ndani. So ikarudi. Lakini tangu siku hiyo, kila ukiibonyeza, chini ya sauti yake kulikuwa na mlio mdogo wa kugonga: tk. Nikamwambia inagonga. Akajibu kwamba ndala haikuzaliwa iwe kinanda, nishukuru imekubali. Baada ya mwezi mmoja sikuisikia tena ile tk, na kwaya nzima hakuna aliyeisikia, kama mtu asivyosikia jogoo wa nyumbani kwake.

Hapo umeshaona jambo moja juu yake. Mtu aliyetukataza kukatiza wimbo hakuwahi kumwacha mteja amalize sentensi. Mama analeta redio, anaanza kueleza ilivyoanguka kutoka kabatini, Fundi anamnyamazisha na kuiuliza redio yenyewe. Wako walioudhika wakaenda kwa mafundi wengine, na wengi wao walirudi.

Mambo yake mengine hayakukaa sawa vilevile. Alitengeneza redio za nusu ya mji na nyumbani kwake hapakuwa na redio. Hakupiga chombo chochote, na sauti yake ya kuimba ilikuwa kama mlango wa stoo. Mkatoliki wa kupokea komunyo kila Jumapili, lakini kwenye kwaya zetu alikuwa anasinzia, na kaswida ndizo zilizomwamsha. Na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuleta wimbo. Ngoma alimbana siku moja: "Fundi, sisi tunaleta kila Jumatatu. Wewe unasikiliza nini?"

"Mimi nasikiliza vitu vilivyoharibika," alisema. "Hamtavipenda."

Tulicheka, tukadhani ni utani.

Kuna Jumatatu ninazozikumbuka hata nikiwa nakuna nazi. Kaswida alifika siku moja akiwa na haya, akatuwekea wimbo wa kwaya ya akina mama wa kigango fulani cha Namtumbo, wimbo wa Bikira Maria kabisa. Akasema, "Allah anisamehe kama nimekosea, lakini wiki nzima nawasikiliza hawa. Hawa wa sauti ya pili wamenishika." Ngoma akamtania kwamba atabatizwa kabla ya mvua. Fundi akageuka akaniuliza mimi nimesikia nini. Nikasema sauti ya pili inakataa kumfuata solo mpaka abembeleze. Kaswida akapiga goti lake kwa kiganja na kusema hilo hasa ndilo lililomnyima usingizi.

Siku nyingine Ngoma alikuja mikono mitupu, simu yake imekufa. Akasema wimbo anao, ila haubebeki. Akatutoa kibandani mpaka ng'ambo ya barabara kwenye mashine ya kukoboa mahindi, akatusimamisha karibu na ule mkanda mrefu unaozunguka. Mkanda ulikuwa na kiraka, na kila kiraka kikipita kwenye gurudumu kilipiga pigo moja nje ya mstari, ta-ta-ta-taka, ta-ta-ta-taka. Tulisimama pale tukiwa tumejaa unga kama maandazi yanayosubiri mafuta. Fundi aliacha mteja kibandani akiwa na sabufa iliyofunguliwa tumbo, na hakurudi mpaka mahindi yote ya mama mmoja mwenye debe yalipokwisha. Kisha akasema neno lake.

Neno hilo lilikuwa "Rudisha". Tangu enzi za kanda alikuwa analitumia vilevile. Wimbo ukimwingia, hakusifu, hakutikisa kichwa. Alisema tu "Rudisha," nawe unauanzisha tena tangu mwanzo. Kwa mwaka alilisema mara mbili au tatu. Watu walitoka pale wakiwa wamevimba kwa "Rudisha" moja kuliko kwa harusi nzima ya kutunzwa. Siku ile ya mashine ilibidi Ngoma amwombe mama mwingine akoboe.

Sasa nifike kwenye lililoniuma. Alikuwepo kijana mmoja wa kufokafoka, mcheshi, akiingia kibanda kinachangamka. Jumatatu moja alileta wimbo akasema ni wa rafiki yake wa Mbeya. Ulipoisha, Fundi alimtazama.

"Ni wako."

Kijana akacheka, akakubali.

"Nimesikia mambo mengi humo, na wimbo umesimama," Fundi akasema. "Haya, toka. Urudi mahindi mengine yakivunwa."

Tulidhani anatania. Hakuwa anatania. Yule kijana aliokota begi lake akaondoka bila kuaga, na mahindi yakavunwa mara moja, mbili, tatu, hakurudi. Nilimchukia Fundi kwa siku kadhaa. Halafu Jumatatu ikafika nikaenda, maana nilikuwa sina mahali pengine pa kwenda kusikiliza.

Na mimi, nikiwa nimeyaona hayo kwa macho yangu, nikafanya vilevile.

Wakati huo nilikuwa natunga kwa siri. Kwenye kwaya nilijulikana kwa vidole tu, hakuna aliyewahi kusikia koo langu. Nilikuwa na wimbo mmoja juu ya bibi yangu wa Mbamba Bay, alivyokuwa anawafukuza kuku kwenye muhogo ulioanikwa huku akiwaita kwa majina ya mashemeji zake. Niliuimba kwa Kinyasa chake, sauti nikiishusha chini kabisa, huku napiga kinanda chetu cha kwaya, simu nimeilaza juu yake. Niliujua kwa moyo, lakini sikujua kama ni wimbo au ni mimi tu ninayempenda bibi yangu. Kwaya wangeniambia "nzuri". Mume wangu angeniambia "nzuri". Nilitaka kuambiwa kilichomo, na mahali pekee palipokuwa na watu wa kuniambia ni pale ambapo haukuruhusiwa kuingia.

Nikawaambia ni wa bendi moja ya ng'ambo ya ziwa, Malawi, jina silijui, nimerushiwa na binamu yangu.

Ulipigwa mpaka mwisho. Fundi alikuwa ameinamia redio fulani na hakuinua uso. Ulipoisha akamuuliza Ngoma, na Ngoma akasema amesikia mtu anayegomba na kucheka kwa wakati mmoja. Kaswida akasema huyo mwimbaji ana haya, lakini mwishoni haya zinamwisha.

Fundi akaweka bisibisi mezani. Kisha akasema, "Rudisha."

Ningekuwa na akili ningesema hapohapo. Lakini nilimkumbuka yule kijana na begi lake. Nikarudisha wimbo, kimya, na uongo ukaota mizizi.

Fundi aliuchukua wimbo ule akauweka kwenye memori kadi yake ya majaribio. Maana yake ni kwamba kila sabufa iliyopona kibandani kwake ilipona kwa sauti yangu. Wateja wakasema, "Fundi, nirushie na mimi." Ndani ya miezi michache nilikuwa napita sokoni najisikia nagombeza kuku kwenye duka la mitumba. Bodaboda aliyenipeleka kwa mama mkwe alikuwa nao. Mwenzangu wa sauti ya kwanza kwenye kwaya akaniambia, "Wamalawi wanajua kuimba bwana, sisi tunapiga kelele tu," nami nikaitikia, "Ni kweli, shoga." Nilikwenda nyumbani nikalia kwa furaha na kwa hasira pamoja, nikashindwa kujua nianze kufuta chozi lipi.

Kila Jumatatu, kabla ya kila kitu, Fundi alikuwa ananiuliza, bila kuinua uso: "Kinanda, wale wa ng'ambo hawajatoa kingine?"

"Hawajatoa, Fundi."

Kila Jumatatu. Mimi nilisikia kamba inakazwa. Nilijiambia, nikitunga wimbo wa pili wataufananisha na wa kwanza, mkono ni uleule, nitajulikana, nitatolewa, na wote watajua kwamba nilimdanganya mzee mwenye masikio kuliko mji mzima. Kwa hiyo sikutunga. Wimbo ulikuwa ukija nikiwa jikoni, naufukuza kama bibi alivyofukuza kuku. Baada ya muda nyimbo karibu zote zikaacha kuja. Miaka saba sikutunga hata ubeti.

Mwaka huu, baridi ilipoanza, nilikuta kibanda kimefungwa kufuli. Jirani akasema Fundi ameanguka chooni, upande wa kushoto umelegea, binti yake amemchukua kwake Msamala. Wiki iliyofuata habari zikawa mbaya zaidi: hatambui watu tena. Ngoma alitaka twende wote na nikaahirisha. Nawaambieni ukweli, niliogopa. Niliogopa nitamkuta hanijui, na toba yangu nitaipeleka kwa mtu ambaye amekwishatoka. Wiki mbili nilizunguka na hofu hiyo, mpaka mume wangu akaniuliza kama naumwa. Siku hiyo nikamwambia yote. Akasema, "Mama, si uende tu." Ndivyo wanaume walivyo, lakini alikuwa na haki.

Nilikwenda Jumatatu asubuhi na sukari kilo mbili na sabuni. Nilimkuta barazani anaota jua, sweta lilelile, blanketi miguuni. Binti yake alinipokea vizuri akaninong'oneza, "Dada, usishangae asipokujua. Juzi mwenyekiti wa jumuiya yetu amekaa hapa saa nzima, baba anamuuliza yeye ni nani."

"Shikamoo, Fundi," nikasema.

Alinitazama kama anavyotazama mtu ukuta. Nimechelewa, nikajiambia, basi nimechelewa. Binti yake akatikisa kichwa kwa huzuni, akachukua ile sukari, akaingia ndani kupika chai.

"Ameingia?" Fundi akauliza.

Niliruka. "Ameingia."

"Marahaba, Kinanda. Vuta kigoda." Maneno yake yalikuwa yanaburuta mguu mmoja, lakini yalikuwa yake. "Yule mwenyekiti akija anasali rozari yote matendo yote, na anakalia upande wangu unaouma. Nimegundua nikimsahau anaondoka mapema."

Nilicheka mpaka machozi yakatoka, na yalipotoka hayakutaka kurudi. Fundi aliniacha nilie. Alikuwa anajua kusubiri kitu kiishe.

Nilipomaliza, nikasema, "Fundi, ule wimbo wa ng'ambo."

"Ee."

"Si wa ng'ambo."

"Najua."

"Ni wangu."

"Nimesema najua."

Nikamuuliza tangu lini. Akainua mkono wake mzima, akagonga kidole kimoja kwenye mkono wa kiti: tk, tk.

"So yako inagonga. Ile ndala niliikata mimi. Ubeti wa kwanza tu nikajiuliza, hawa Wamalawi nao ndala yangu wameipata wapi?"

Hebu fikirini. Miaka saba nimejificha nyuma ya ziwa zima, kumbe nimeacha ndala mlangoni. Nilisikia mwili wote ukilegea, kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani. Kisha, kabla sijauonja vizuri ule wepesi, nikakasirika. Sikuwahi kumkasirikia mtu mzima namna ile.

"Miaka saba, Fundi! Miaka saba sijatunga kitu kwa sababu yako. Kama ulijua, mbona hukuniambia?"

Alinishangaa kweli. Miwani ilimshuka puani. "Hukutunga kitu?"

"Hata ubeti."

"Lakini nilikuwa nakuuliza kila Jumatatu."

"Ulikuwa unauliza habari za Wamalawi!"

"Nilikuwa nakuuliza wewe," akasema. "Ningekuuliza vipi tena mbele za watu? Ningesema ni wako ningelazimika kukutoa, maana yule kijana nilimtoa. Na sikutaka kukutoa. Wale wengine walileta nyimbo zao wapate makofi. Wewe ulileta wako ukaukana, ukakaa kwenye kigoda unasikiliza wanachosema. Sasa mtu kama huyo umtoe umpeleke wapi?" Akairudisha miwani yake juu. "Nilidhani unanisikia."

Fundi, aliyetuuliza sisi sote tumesikia nini, hakuwahi kujiuliza amesikika vipi. Nilimwona analipima hilo, kama alivyokuwa akiipima redio ngeni. Kisha akasema, "Basi nisamehe, mwanangu. Kosa ni langu. Nilikuuliza kwa kificho na wewe ukanijibu kwa kificho."

Sikuwahi kumsikia akiomba radhi. Nikamwambia yamekwisha, na kwa kweli yalikuwa yamekwisha. Niliyasikia yanakwisha.

"Yule kijana nilimwonea," akaongeza. "Huyo ndiye ninayemfikiria hapa nikiwa nimekaa. Sijui kama nilimuulia muziki wake."

Hapo ikawa zamu yangu kumtua mzigo. Nikamwambia kijana hajambo, nimemwona harusini mwezi uliopita, siku hizi ni mshereheshaji, anavaa suti ya zambarau, anafokafoka kati ya keki na zawadi, na watu wanamtunza. Fundi alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Akataka nimweleze ile suti tena, na nikamweleza mpaka vifungo.

Binti yake akaleta chai. Fundi akamtazama kama hamjui, kwa mazoea tu, kisha akamwambia, "Asante, mama," na binti akabaki mlangoni ameshika sinia, hajui acheke au apige simu.

Tulikunywa. Jua lilikuwa limepanda kidogo na baridi imelegea. Akaweka kikombe chini.

"Kinanda. Wale wa ng'ambo hawajatoa kingine?"

Kulikuwa na kimoja. Kilinifuata tangu ile siku ya mashine ya kukoboa, kinakwenda kwa pigo la ule mkanda wenye kiraka, nami nimekifukuza miaka yote na hakikuchoka kurudi. Sikuwahi kukipita katikati.

"Wametoa nusu, Fundi."

"Nusu nayo ina sauti. Leta."

Sikuwa na kinanda wala simu ya kujifichia. Niliimba pale barazani, mchana kweupe, kwa sauti yangu mwenyewe, mama wa nyumba ya pili akaacha kufua. Fundi aliinamisha kichwa, macho kwenye blanketi, kama alivyokuwa akiinamia meza. Vidole vyake vya mkono mzima vilikamata kile kiraka pale pale kilipostahili. Nilifika nilipokuwa naishia siku zote, nikaishia hapo. Nikasubiri, nikiwa nimesahau kabisa neno ninalolisubiri.

"Rudisha," akasema.

Simu ina mahali pa kubonyeza. Mimi sina, kwa hiyo nilikohoa kidogo, nikaanza upya tangu mwanzo, na safari hii nilipofika pale katikati sikunyamaza.